Karatasi za Mazoezi na Kiswahili cha Watoto Wetu

(Hotuba iliyotolewa mbele ya mkutano wa ukoo, Stockholm)

 

Awali ya yote naishukuru Kamati kwa kunipa nafasi hii, na nawashukuru akina mama waliotuandalia chakula tangu juzi katika jiko ambalo, kusema kweli, halikujengwa kwa ajili ya sufuria za ukubwa ule. Nimeombwa nitoe maoni juu ya pendekezo ambalo nyote mmelipata: kwamba ukoo wetu uchapishe kitabu cha karatasi za mazoezi na chemshabongo za Kiswahili kwa watoto wa miaka 7 hadi 12, kwamba kila nyumba, iwe Oman au Kanada, iweze kuzipiga chapa, na kwamba katika kila mkutano mtoto atakayekuwa na alama nyingi kuliko wenzake apewe tuzo. Nimeombwa kwa sababu ndiyo kazi yangu. Wengi mnanijua kama shangazi yenu. Wachache mnajua kwamba kila siku ya wiki nazunguka shule nne au tano za msingi, begi begani, nikifundisha Kiswahili watoto wawili hapa na watatu pale, aghalabu mchana wa mwisho, wakati wenzao wameshakwenda kucheza mpira. Ndani ya begi hilo mna karatasi. Kwa hiyo nisiposema leo juu ya karatasi sijui nitasema lini.

Naliunga mkono pendekezo, lakini si kama lilivyoandikwa.

Nianze na sheria ya nchi hii, maana wageni wetu huenda hawaijui, na hata baadhi yetu tulioishi hapa miaka mingi tunaijua nusunusu. Julai 1977 Sweden ilianza kutekeleza mageuzi yaliyozibebesha manispaa wajibu wa kuwafundisha watoto wa wahamiaji lugha za nyumbani kwao. Wakati huo somo liliitwa "hemspråk", yaani lugha ya nyumbani; mwaka 1997 likabadilishwa jina na kuitwa "modersmål", lugha ya mama. Somo hili ni la bure. Lakini lina masharti. Mzazi mmoja angalau awe na lugha hiyo kuwa lugha yake. Mtoto awe na msingi fulani wa lugha yenyewe. Lugha iwe ndiyo ya mazungumzo ya kila siku baina ya mzazi na mtoto nyumbani. Kisha manispaa hailazimiki kufundisha mpaka wapatikane watoto wasiopungua 5 wanaoitaka lugha hiyo, na apatikane mwalimu anayefaa. Nawaomba mlitie akilini lile sharti la mazungumzo ya kila siku. Sheria haimuulizi mzazi mtoto wake ana karatasi ngapi. Inamuuliza wanazungumza lugha gani wakati wa chakula.

Sasa mwaka huohuo wa 1977 mimi mwenyewe niliingia darasa la kwanza, Tanga. Wazee watakumbuka ilikuwaje. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilitaka kila mtoto wa Tanzania mwenye umri wa kwenda shule awe shuleni ifikapo mwaka huo, na kweli tuliingia, tukabanana watatu hata wanne katika dawati moja. Karatasi ya mazoezi hatukuijua. Mashine ya kurudufu ilikuwa ofisini kwa mwalimu mkuu, nayo ilitolewa kazini wakati wa mitihani tu, ikiwa wino upo. Mwalimu aliandika ubaoni, nasi tulinakili. Aliandika sentensi kumi zenye mapengo, nasi tuliandika sentensi kumi nzima, kwa penseli iliyokatwa nusu ili mdogo wako naye apate. Sisemi kwamba umaskini ule ulikuwa mwema. Nasema tu kwamba mtoto aliyejaza pengo moja alikuwa ameandika maneno mengine sita kuzunguka pengo lile, na kwa kuyaandika akayasoma, na kwa kuyasoma akayatamka chini kwa chini, mpaka darasa zima likavuma kama mzinga. Karatasi iliyopigwa chapa humpunguzia mtoto kazi hiyo. Humletea sentensi iliyokwisha pikwa, yeye akatia chumvi tu. Ndiyo maana karatasi zangu nyingi zina mistari mitupu chini ya kila swali, na mtoto hutakiwa aiandike sentensi nzima upya. Watoto hulalamika. Nawaacha walalamike, mradi wakilalamika kwa Kiswahili.

Kuna kijana mmoja wa ukoo huu, ana miaka kumi, na wazazi wake wameniruhusu niseme habari zake bila kumtaja. Alisoma Kiswahili miaka miwili katika mojawapo ya manispaa zilizo jirani na Stockholm, kwa mwalimu mwingine. Faili lake lilikuwa na karatasi zaidi ya arobaini: kikombe – vikombe, mti – miti, mwalimu – walimu, zote zimewekwa alama ya vema. Baba yake alifurahi sana. Mwaka jana siku ya Idi wakapiga simu Tanga, na bibi yake akamuuliza, "Umeshindaje, mjukuu wangu?" Kijana akanyamaza. Bibi akarudia kwa sauti kubwa zaidi, akidhani ni simu. Kijana akampa mama yake ile simu, akaenda chumbani. Bibi yetu, Mwenyezi Mungu amzidishie umri, hakusema neno kwa siku mbili, siku ya tatu akamuuliza mwanawe: "Huyu mtoto ana nini na mimi?"

Huyo mtoto hakuwa na lolote na bibi yake. Niliketi naye baadaye ili niione hali ilivyo. Nikamwandikia "kifaru mkubwa", nikamwambia anipe wingi wake. Akaandika, bila kusita, "vifaru vikubwa". Sasa mtoto anayemjua kifaru, aliyesikia watu wakizungumza juu ya wanyama, husema "vifaru wakubwa", kwa kuwa mnyama ni kiumbe hai, nacho kiumbe hai hufuatwa na upatanisho wa watu hata jina lake likianza na ki. Yeye hakumjua kifaru ni nini wala hakuuliza. Nikatunga neno lisilokuwapo duniani, "kimbosa", nikaliweka katika orodha. Akaandika "vimbosa". Kwa kanuni ya karatasi ile alistahili vema, na lau ingesahihishwa kwa ufunguo wa majibu angeipata. Kijana huyu ana akili nyingi. Aliigundua siri ya karatasi katika wiki ya kwanza: toa ki, tia vi, na tangu hapo hakuhitaji tena kujua kikombe ni nini.

Hali kadhalika kusoma kwa sauti. Maandishi ya Kiswahili ni mepesi, kila herufi ina sauti yake, kwa hiyo mtoto aliyekwisha jifunza kusoma Kiswidi huweza kuusoma ukurasa mzima wa Kiswahili katika muda mfupi, na mzazi anayesikiliza kutoka jikoni hudhani mambo ni mazuri. Sikilizeni vizuri zaidi. J ya Kiswidi hutamkwa y, hivyo "jana" inakuwa "yana" na "jiko" linakuwa "yiko". O yao mara nyingi huelekea u, hivyo "moto" wa jikoni unakaribia kuwa "mutu". Ng yao kwa kawaida ni ile ya "ng'ombe", kwa hiyo "ngoma" hugeuka "ng'oma". Hizi si aibu; ni alama kwamba mtoto anasoma Kiswidi kwa maneno yetu, na dawa yake ni sikio, si karatasi nyingine. Na hata akishatamka sawasawa, kutamka si kufahamu.

Kuna mahali ambapo karatasi zinazotoka nyumbani hazifai kabisa huku, hata ziwe zimetungwa na bingwa gani, napo ni katika saa. Nipeni ruhusa nikae hapa kidogo, kwa sababu katika kazi yangu yote hakuna somo linalonipendeza kama hili.

Karatasi ya darasa la pili kutoka Tanzania huchora saa ya ukutani na kumwambia mtoto: jua linachomoza, ni saa kumi na mbili asubuhi, saa moja baadaye watoto wanakwenda shule. Mtoto wa Tanga haoni tabu. Hesabu yetu ya saa imesimama juu ya jua: linapochomoza, mchana unaanza kuhesabiwa; linapozama, usiku unaanza; na pwani yetu jua halitupotezi sana mwaka mzima. Mleteni jua huyo Stockholm. Mwishoni mwa Desemba linachomoza yapata saa tatu kasorobo asubuhi na kuzama kabla ya saa tisa mchana. Mwishoni mwa Juni linachomoza yapata saa tisa na nusu usiku, na saa nne usiku ndipo linazama. Mtoto wa hapa akiambiwa kwamba saa moja ni saa ya kwanza ya mchana, hutazama dirishani akaona giza na theluji, na katika moyo wake humwona mwalimu kuwa mwongo.

Tena kuna tatizo la pili juu ya hilo. Mswidi akitaka kusema saa moja na nusu asubuhi husema "halv åtta", na maana yake ni nusu ya kuelekea nane. Kwa hiyo mtoto wetu, ili aseme neno dogo tu, hana budi aruke mara mbili: kwanza kutoka "nusu ya nane" hadi saba na nusu kwa hesabu ya kizungu, kisha kutoka saba na nusu hadi saa moja na nusu. Akiruka mara moja tu, husema "saa saba na nusu", na shangazi yake aliyekuwa akimngoja asubuhi humtarajia mchana. Haya yametokea katika ukoo huu. Waliohusika wanacheka pale nyuma.

Karatasi niliyoitunga mwenyewe ina picha za saa mbili katika kila mstari, moja imeandikwa Stockholm na nyingine Tanga. Ile ya Stockholm ina mishale. Ile ya Tanga haina. Mtoto hawezi kuijaza peke yake. Imeandikwa: "Mpigie simu jamaa yako. Muulize: Kwako ni saa ngapi sasa? Jua liko wapi? Unafanya nini?" Kisha achore mishale na kuandika sentensi tatu. Wakati wa baridi saa za huku ziko nyuma ya Tanga kwa saa mbili, wakati wa joto kwa saa moja, na mtoto hulivumbua hilo mwenyewe. Binti mmoja wa miaka tisa alipiga simu Desemba, saa moja asubuhi, akiwa anakunywa uji gizani. Babu yake alimwambia kwamba kwake ni saa tatu, jua limepanda, naye ametoka sokoni kununua dagaa. Yule binti akauliza: "Babu, saa tatu tangu lini?" Babu akajibu: "Tangu jua." Akaelewa papo hapo. Nami nilikuwa nimejitahidi kumweleza wiki tatu.

Karatasi ile ina alama ngapi? Haina alama. Lakini ndiyo niliyoiona ikifundisha.

Nimeileta mifano hii ili mfahamu ninachokiomba. Karatasi nzuri kwa watoto wetu ni ile ambayo haiwezi kujazwa bila mtu. Ile inayoweza kujazwa na mtoto peke yake, mezani, katika dakika tano, inawafaa watoto wa Tanga, ambao wakiinuka mezani wanazama katika Kiswahili mpaka usingizini. Wa kwetu akiinuka mezani anarudi katika Kiswidi, au Kiingereza, au Kiarabu.

Na mtu huyo anayeulizwa hujibu kwa Kiswahili chake, si cha kitabu. Hapo Kamati itakutana na swali ambalo afadhali tulijue mapema. Nilimpa mtoto mmoja kazi ya kumuuliza bibi yake wa Mombasa jinsi ya kufika nyumbani kwao kutoka sokoni. Akaandika: "Fuata ndia hii." Ufunguo wa majibu, kama ungekuwapo, ungesema "njia". Je, amekosa? Bibi yake hajakosa. Kimvita ndivyo kisemavyo, na kilikuwa na washairi kabla shule hizi hazijajengwa. Nilimwekea vema, nikamwandikia pembeni: "Kwa Bibi: ndia. Kitabuni: njia. Andika zote mbili." Hivyohivyo picha ya "mbuzi". Karatasi za kununua huchora mbuzi mwenye pembe. Katika jiko la mama yake mtoto huyo kuna mbuzi mwingine, wa mti, mwenye ulimi wa chuma, anayekaliwa ili kukuna nazi, na ndiye pekee mtoto aliyepata kumwona kwa macho. Mwulizeni shangazi mkubwa wa Muscat majina ya vyombo vya kuchujia tui, kisha mwulizeni wa Tanga. Mtapata ubishi wa saa nzima juu ya kifumbu na kung'uto, na mtoto anayeandika huku wanabishana atajifunza zaidi ya maneno mawili. Ukoo uliotawanyika kama wetu una Kiswahili cha aina nyingi, na kitabu kimoja chenye jibu moja kitawaambia watoto kwamba nusu ya bibi zao hawajui kusema.

Sasa nije kwenye majaribio na tuzo, ambako najua mjomba wetu Mweka Hazina hatakubaliana nami. Jana usiku tulibishana kwa adabu mpaka chai ikapoa. Hoja yake ni kwamba mtoto bila shindano halali macho, na kwamba yeye mwenyewe alisoma kwa sababu ya kuogopa mtihani. Siipuuzi hoja hiyo. Tena kuna ushahidi upande wake, ingawa si ule aliotaja. Mwaka 2006 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Roediger na Karpicke, walichapisha jaribio ambalo ndani yake wanafunzi walisoma habari fupi. Baadhi wakairudia kuisoma, wengine badala ya kurudia wakajaribiwa wanakumbuka nini. Baada ya dakika tano waliorudia walikuwa mbele. Baada ya siku mbili, na baada ya wiki, waliojaribiwa ndio waliokumbuka zaidi. Kwa hiyo kumuuliza mtoto kile alichojifunza wiki iliyopita si kumpima tu. Ni kumfundisha mara ya pili, na pengine vizuri kuliko ya kwanza. Kila kipindi changu huanza na maswali matano ya mdomo juu ya kipindi kilichopita. Hayaandikwi popote.

Lakini jaribio la kuchagua jibu, lenye a, b, c, d, ndilo lililopendekezwa kwa sababu ni rahisi kusahihisha kutoka mbali, na hilo silitaki. Hesabuni wenyewe: maswali 20 yenye majibu manne manne, mtoto asiyejua hata neno moja akibahatisha atapata kama 5. Yakiwa ya "kweli" na "si kweli" atapata kama 10, tutampigia makofi. Na tukiweka tuzo ya alama, itakwenda wapi? Itakwenda Tanga au Mombasa, kila mara, kwa watoto waliozaliwa ndani ya lugha. Wa Toronto na Stockholm watajua kabla ya kufungua karatasi kwamba si yao. Sioni tumemtia nani hamu.

Wanaotaka kujua mtoto amefika wapi wanaweza kujifunza kwa Uwezo, ile tathmini iliyoanza Tanzania mwaka 2010 na iliyopelekwa na watu wa kujitolea nyumba kwa nyumba, nchini humo na Kenya na Uganda, kwa mfano wa tathmini ya ASER iliyoanza India mwaka 2005. Hawakumpa mtoto karatasi na kumwacha. Mtu mzima aliketi naye nyumbani, akamwonyesha silabi, kisha maneno, kisha aya, kisha hadithi fupi, akasikiliza kila hatua. Nchi nzima zilishtuka kwa kusikia watoto wa madarasa ya juu wasioweza kuisoma hadithi ya darasa la pili, ilhali madaftari yao yalikuwa yamejaa. Jambo hilo linafanyika kwa dakika chache, nalo halihitaji ufunguo wa majibu; linahitaji mtu anayesikiliza.

Na chemshabongo tunayo ya kwetu, ya zamani kuliko printa. Kitendawili! Mmeona? Mmejibu "Tega!" wote, hata walio nje wanavuta sigara. Sheria yake mnaijua: aliyeshindwa hutoa mji, na aliyetega huuchukua mji, akajisifu huko kwanza, ndipo atoe jibu. Hakuna aliyefeli, kuna aliyelipa mji. Mwaka jana niliwaambia watoto wanne wa shule moja wasijibu vitendawili vya kitabu bali watunge vya Stockholm. Mmoja akaja na hiki: "Nyoka wangu ana milango, huwameza watu hapa na kuwatapika kule." Ni treni ya chini ya ardhi. Mwingine: "Mgeni wangu huja bila hodi, hujaza ua mzima, jua likimtazama hulia mpaka aishe." Ni theluji. Waliposhindwa kujibizana, miji waliyotoa haikuwa ya Sweden. Walitoa Tanga, Muscat, Lamu, mahali walikokusikia simuni na ambako baadhi yao hawajawahi kufika.

Basi naomba Kamati ilibadilishe pendekezo hivi. Kitabu kisiwe cha karatasi sitini. Kiwe cha karatasi kumi na mbili, moja kwa mwezi. Kila karatasi itungwe na nyumba moja, kwa zamu, kwa Kiswahili cha nyumba hiyo: mwezi wa Mombasa kiwe Kimvita bila kuombewa radhi. Kila karatasi iwe na swali moja angalau ambalo jibu lake halimo katika kitabu chochote, ila kwa jamaa fulani anayetajwa: jina la mtaa alikozaliwa babu, namna ya kufunga mkeka, mchuzi wa papa unaanza na nini. Chini kabisa pawe na mstari wa jamaa aliyeulizwa kutia jina lake na saa ya mazungumzo, kwa hesabu ya saa ya Kiswahili. Mweka Hazina akitaka tuzo, atoe tuzo kwa jamaa mzima aliyeulizwa na watoto wengi zaidi mwaka huo. Nimemwona akitabasamu, nadhani bibi yetu wa Tanga ameshashinda.

Gharama si kubwa. Karatasi moja, pande mbili, kila mwezi, yeyote mwenye printa ataweza. Nyumba zisizokuwa nayo, maktaba za hapa Stockholm zina printa za umma; na wa Tanga watapata fotokopi karibu na stendi.

Limebaki moja, nalo ni la haraka, ndilo lililonifanya niombe kusema leo badala ya kesho. Katika ile manispaa jirani niliyoitaja, watoto waliokuwa wakisoma Kiswahili walikuwa 6. Wawili wameondolewa mwaka huu, mmoja wao akiwa yule kijana wa faili. Baba yake aliona kwamba karatasi hazikumsaidia, na kwa karatasi zile sikuweza kumpinga. Wamebaki 4. Kwa hesabu ya sheria manispaa haina tena wajibu, nami nimeombwa nichukue kundi hilo kuanzia msimu ujao iwapo litakuwapo. Watatu kati ya hao wanne ni watoto wa ukoo huu. Wako hapa, wamekaa karibu na birika. Wazazi wa yule kijana nao wako hapa. Nimezungumza nao asubuhi. Wameniambia watalifikiria, ila mtoto mwenyewe ndiye aamue, na mtoto ameniuliza kama nitampa tena "kikombe, vikombe".

Nimempa karatasi ya saa. Ameichukua, na tangu chakula cha mchana yuko uani na simu ya mama yake. Fomu ya maombi ninayo hapa begini, pamoja na kalamu. Vilevile karatasi ya kwanza ya mfano iko mezani, nakala hamsini. Kila nyumba ichukue moja na kuniandikia kabla ya kuondoka Jumapili itakuwa na zamu ya mwezi gani.